Mwaka Fedha Ziliposimama Nyarugusu

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na maji ya Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Kigoma, kilifurika watu. Mwishoni mwa Aprili chama tawala cha Burundi kilikuwa kimemteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Bujumbura ikachafuka, jaribio la mapinduzi la Mei 13 likashindwa, na makumi ya maelfu ya Warundi wakashuka milimani na kuvuka mpaka. Kipindupindu kikazuka. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikatumika kuwasafirisha hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapandisha nyanda za juu za Kasulu mpaka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Nyarugusu ikajaa pomoni. Oktoba mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, upande wa Kakonko.

Katikati ya matukio hayo, tarehe 30 Julai 2015, mtandao wa kompyuta uitwao Ethereum uliwashwa rasmi. Waliouwasha hawakuwa na habari za Kagunga, na waliolala ufukweni Kagunga hawakuwa na habari zao. Lakini ndani ya miaka miwili historia hizi mbili zilisogeleana kiasi cha kustahili kusimuliwa pamoja, kwa sababu swali linalozikutanisha ni moja: mkataba ukishawekwa, nani ana uwezo wa kuusimamisha?

Nyanda hizi zilijua mikataba kabla karatasi haijafika. Katika falme za Waha, Heru ya Kasulu, Muhambwe na Buyungu za kaskazini (majina hayo mawili ya mwisho yalikuja kupewa majimbo ya uchaguzi ya Kibondo na Kakonko), palikuwa na desturi ya ubugabire. Mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe. Aliyepokea alikunywa maziwa na kupata mbolea ya shamba lake, na kwa upande wake alimtumikia aliyempa na kuwa chini ya ulinzi wake. Hapakuwa na maandishi. Palikuwa na mashahidi, wazee, na watwale waliomwakilisha mwami, na ugomvi ukizuka hao ndio walioamua. Tena kila mmoja alijua kwamba shebuja, yaani aliyetoa ng'ombe, angeweza kumchukua ng'ombe wake akiona ameudhiwa. Mkataba ulikuwa wa kweli na ulilisha watu, ila nguvu ya kuuvunja ilikaa upande mmoja. Mwaka 1963 Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu, na kazi ya kuamua migogoro ya vijijini ikaenda kwenye mahakama za mwanzo.

Mwaka 1994, mbali kabisa na Buha, Mmarekani Nick Szabo alianza kuandika juu ya mkataba usiohitaji mtwale wala hakimu. Masharti yaandikwe kama programu ya kompyuta, alisema, na yakitimia, programu yenyewe itekeleze. Mfano aliopenda kuutoa ni mashine ya kuuzia soda: ukitumbukiza sarafu, chupa inashuka bila kumwomba mtu. Wazo likapewa jina ambalo leo tunaliita mkataba mahiri. Lilikaa kwenye makaratasi kwa miaka mingi, kwa kuwa Szabo hakuwa na jibu la jambo moja zito: kompyuta inayoendesha mkataba ni ya nani? Mwenye kompyuta anaweza kubadilisha programu usiku, na asubuhi mkataba ukawa mwingine.

Jibu la kwanza lililofanya kazi lilikuja Januari 2009, pale mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto lilipoanzisha Bitcoin. Daftari la malipo halikuwekwa mahali pamoja. Lilinakiliwa kwenye kompyuta nyingi, ambazo huitwa nodi, na kila ukurasa mpya wa kumbukumbu, yaani bloku, ulibeba alama ya hesabu iliyotokana na bloku iliyotangulia. Ukigusa bloku ya zamani, alama zote zinazofuata zinaharibika na nodi nyingine zinakukatalia. Huo ndio mnyororo uitwao blokucheni. Hata hivyo lugha ya programu iliyowekwa ndani ya Bitcoin ilifungwa makusudi iwe finyu. Inaweza kusema "lipa kama sahihi mbili kati ya tatu zipo", lakini haiwezi kuendesha bima, mnada au chama cha kuweka na kukopa.

Mwishoni mwa 2013 Vitalik Buterin, kijana wa miaka 19 aliyezaliwa Urusi na kukulia Kanada, aliandika pendekezo la mtandao ambao ungebeba programu yoyote. Mwaka uliofuata Mwingereza Gavin Wood akaandika maelezo ya kina ya mashine yake: namna kila nodi itakavyosoma programu ileile, kuiendesha hatua kwa hatua na kufikia jibu lilelile, bila hivyo bloku inakataliwa. Ndani ya Ethereum mkataba una anwani yake, salio lake na kumbukumbu yake. Mtu akiutumia, kila hatua ya hesabu inatozwa ada iitwayo gesi, ili programu yenye kosa isizunguke milele na kuuchosha mtandao mzima. Mkataba ukishapandishwa, aliyeuandika hana ruhusa ya kuufuta au kuubadilisha isipokuwa aliweka mlango huo tangu mwanzo.

Kuna kikomo kimoja ambacho wauzaji wa teknolojia hii hukipita haraka, na mimi nakiona kuwa ndicho kiini cha mambo. Mkataba mahiri hauoni chochote nje ya mnyororo wake. Haujui kama mvua imenyesha Kibondo, kama gunia la maharage limefika sokoni Kasulu, au kama mama aliyejiandikisha bado yu hai. Lazima aje mtu, au mtambo wa mtu, auambie. Mleta taarifa akisema uongo, mkataba utatekeleza uongo huo kwa uaminifu kamili.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja upesi. Tarehe 30 Aprili 2016 ulifunguliwa mkataba ulioitwa The DAO, mfuko wa uwekezaji usio na mkurugenzi, ambamo watu waliweka sarafu za Ethereum, yaani etha, zenye thamani ya dola milioni 150 hivi. Programu yake ilikuwa na kosa la mpangilio: mtu alipoomba kutoa fedha, ilimlipa kwanza, ndipo ikapunguza salio lake. Tarehe 17 Juni mtu mmoja aliandika programu iliyoomba tena kabla hesabu ya kwanza haijafungwa, kisha tena, kisha tena, mpaka etha milioni 3.6 zikatoka. Kwa herufi ya mkataba, hakuna sharti alilovunja. Kwa macho ya waliowekeza, alikuwa mwizi. Mkataba wenyewe ulishikilia fedha hizo kwa wiki kadhaa kabla hajaweza kuziondoa, na wiki hizo zikawa wiki za mabishano makali. Mwishowe wengi wa waendesha nodi walikubali kuandika upya sehemu ile ya daftari na kuzirudisha fedha kwa wenyewe, na tarehe 20 Julai 2016 mnyororo ukapasuka vipande viwili. Waliokataa waliendelea na ule wa awali, na upo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic.

Basi hata pale palipoahidiwa kwamba hakuna mkono wa mtu, mkono ulipatikana. Ulikuwa mkono wa wengi, ulioonekana na kila mtu, uliojadiliwa mchana kweupe, na aliyeupinga alikuwa na mahali pa kwenda.

Miezi mitano baadaye, Desemba 2016, jambo tofauti lilianza Nyarugusu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa wakimbizi 10,000 fedha badala ya mgao wa chakula. Ili kuelewa uzito wa badiliko hilo, lazima ujue mgao unavyokuwa. Mkimbizi hupanga foleni kwenye kituo cha ugawaji na kupokea unga wa mahindi, kunde au njegere, mafuta na chumvi. Mkongo aliyezoea ugali wa muhogo hupokea mahindi. Mwenye mgonjwa nyumbani hupokea mahindi. Anayehitaji sabuni au daftari la mtoto hupokea mahindi, kisha huyauza kwa bei ya kutupa ili apate anachokihitaji. Aliyepewa shilingi huenda sokoni na kuchagua. Na wauzaji wengi wa muhogo, ndizi, mawese na dagaa sokoni hapo walikuwa Waha wa Makere na vijiji jirani, watu ambao kwa miaka 20 walikuwa wameona malori ya misaada yakiwapita barabarani. Mpango ukapanuka mwaka 2017 hadi kuwafikia watu wapatao 80,000. Haukuwa umefika Nduta wala Mtendeli.

Nyarugusu haikutumia blokucheni. Lakini WFP hiyohiyo, wakati huohuo, ilikuwa inaijaribu kwingine. Mwezi mmoja baada ya mpango wa Nyarugusu kuanza, Januari 2017, kundi dogo lililoongozwa na ofisa wake Houman Haddad lilijaribu kugawa chakula na fedha kwa watu wapatao 100 Umerkot, mkoa wa Sindh, Pakistani, kwa kutumia mtandao wa wazi wa Ethereum. Ulifanya kazi, ila kwa kujikokota. Kila malipo yalisubiri zamu pamoja na malipo ya dunia nzima, na ada ya gesi ilipanda na kushuka pasipo kuhesabika. Kwa familia inayosubiri unga dukani, dakika hizo za kungoja ni nyingi mno.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachofunua tofauti kubwa kuliko zote katika fani hii. Walichukua mashine ileile ya Ethereum, katika toleo lililotengenezwa na kampuni ya Parity aliyoianzisha Gavin Wood, wakaiendesha kwenye nodi zao wenyewe nyuma ya mlango uliofungwa. Badala ya maelfu ya wageni kushindana kuthibitisha bloku, walithibitisha wale tu walioteuliwa, utaratibu unaoitwa uthibitisho kwa mamlaka. Ada ikatoweka na malipo yakawa ya papo hapo. Mwezi Mei 2017 mfumo huo, Building Blocks, ulianza kazi katika kambi ya Azraq nchini Jordan kwa wakimbizi 10,000 wa Syria. Mkimbizi alifika dukani, akatazama kamera iliyosoma mboni ya jicho lake, mfumo ukahakikisha salio, akaondoka na bidhaa. WFP ilisema gharama za benki zilipungua kwa asilimia 98. Kufikia 2018 waliokuwa wakihudumiwa Jordan walizidi 100,000.

Yaweke matukio haya mawili ubavu kwa ubavu. Azraq na Nyarugusu zote zilianza na watu 10,000, chini ya shirika moja, ndani ya nusu mwaka mmoja. Kule Jordan mpango ulikua mwaka hadi mwaka. Huku Kasulu, Agosti 2017, serikali ya Tanzania iliagiza ugawaji wa fedha usitishwe, nao ukasitishwa. Watu 80,000 wakarudi kwenye foleni ya unga.

Serikali ilikuwa na mamlaka ya kisheria kufanya hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inaweka maisha ya kambini chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa pia kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwajumuisha wakimbizi katika uchumi wa nchi zinazowapokea. Nchi iliyowapokea Warundi tangu 1972, na ikawapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao, haihitaji kufundishwa ukarimu na mtu. Ninachokisikitikia ni kwamba agizo lilipita juu ya vichwa vya walioguswa. Mama wa Nyarugusu aliyekuwa ameshapanga bajeti ya mwezi hakuwa na pa kukata rufaa. Mwenye genge wa Makere aliyeagiza mzigo hakuwa napo pia. Na teknolojia yoyote ambayo WFP ingekuwa imeitumia Kasulu, hata mnyororo mgumu kuliko yote duniani, isingebadilisha tokeo hilo hata kidogo. Mkataba unaweza kuhamisha tarakimu kutoka akaunti hadi akaunti. Hauwezi kufungua lango la soko.

Miezi mitatu baadaye dunia ikapata kielelezo cha upande wa pili. Novemba 2017, kwenye Ethereum ya wazi, mtu mmoja alibonyeza amri ya kuua mkataba ambao pochi nyingi za kampuni ya Parity ziliutegemea, na akaunti zenye etha zaidi ya 513,000 zikaganda. Fedha zinaonekana hadi leo, na hakuna wa kuzitoa. Safari hii waendesha nodi hawakukubali kuandika upya daftari. Hivyo ndani ya mwaka mmoja palikuwa na mkataba uliosimamishwa kwa agizo la mwenye nchi, na mwingine uliosimama kwa bahati mbaya pasipo mtu yeyote wa kuufufua. Nikiulizwa kipi kibaya zaidi kwa mtu maskini, nasema vyote viwili vinamlaza njaa.

Katika miaka hiyo majukwaa yaliongezeka upesi, na kila moja lilizaliwa kwa kuikataa sehemu fulani ya Ethereum. Hyperledger Fabric, iliyojengwa kwa ajili ya makampuni, iliacha kabisa sarafu na gesi: washiriki wanajulikana kwa majina, na wanaweza kufungua vyumba vya siri ndani ya mtandao mmoja. Mnyororo wa aina hiyo ndio uliotumika Rwanda mwaka 2018 kufuatilia madini ya tantalamu kutoka mgodini. Solana, iliyoanza 2020, ilitafuta kasi. Kila malipo hutaja mapema akaunti zitakazoguswa, na yale yasiyogongana huendeshwa kwa wakati mmoja. Septemba 2021 ilizidiwa na maombi, ikasimama kwa saa 17 hivi, na wathibitishaji wakakubaliana kuiwasha upya. Cardano haina daftari la salio kwa mtindo wa Ethereum. Ina vipande vya fedha, ambapo kila kipande hutumika kizima na chenji kurudi, jambo linalomwezesha mtumaji kujua ada na matokeo kabla hajatuma. Mwezi Aprili 2021 waanzilishi wake walitangaza kwa kishindo ushirikiano na kampuni ya World Mobile ya kupeleka intaneti Zanzibar, wakati Cardano yenyewe ilikuwa bado haijawa na mikataba mahiri. Hiyo ilikuja Septemba 12 mwaka huo. Baadaye World Mobile ikajenga mnyororo wake juu ya mtandao wa familia ya Ethereum.

Kuhama huko si ajabu, na hapa Afrika Mashariki yupo aliyehama kuliko wengi. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kubadilishana bidhaa kwa vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, ili biashara isikwame siku shilingi zinapoadimika. Muda si mrefu mwanzilishi, Mmarekani Will Ruddick, na wenzake wakakamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yakafutwa mwaka huohuo. Mwaka 2018 shirika lake, Grassroots Economics, likahamishia vocha kwenye mnyororo wa POA, ambao wathibitishaji wake walikuwa mawakala wa kuthibitisha nyaraka wenye leseni Marekani. Mwaka 2020 wakaenda xDai, ambako ada hulipwa kwa sarafu yenye thamani ya dola na kwa hiyo haiyumbi. Baadaye waliendesha kwa muda mtandao wao wenyewe walioupa jina Kitabu, kisha wakatua Celo.

Kwa mama muuza mboga wa Kwale au Mukuru hayo yote yalikuwa hayaonekani. Alibonyeza nyota na reli kwenye simu ya kitochi, akaingiza namba ya siri, akapokea ujumbe. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021, miezi ya Corona, akaunti kama 40,000 zilitumia Sarafu, kama vocha hizo zilivyoitwa wakati huo, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ulikuwa miongoni mwa walioipeleka kwa wananchi. Nyuma ya pazia, uhamaji uliwezekana kwa sababu POA, xDai na Celo zote ziliendesha mashine ileile iliyoandikwa na Wood. Mkataba ulioandikwa kwa lugha ya Solidity hupandishwa kwenye mnyororo mpya karibu bila kuguswa. Lakini masalio ya watu hayahami yenyewe, kwa kuwa mnyororo mmoja haujui kwamba mwingine upo. Ilibidi watu wa Grassroots Economics wayabebe. Kwa hiyo swali la funguo, yaani misimbo ya siri inayoidhinisha malipo kwenye mnyororo, lilibaki kwao: wao ndio waliozishika kwa niaba ya watumiaji wa simu za kitochi, na mtumiaji aliwaamini. Naona waliustahili uaminifu huo, kwani walikuwa wanaishi na watu hao na kuitisha mikutano yao. Bado ulikuwa uaminifu kwa watu.

Mfano wa pili wa Kenya unamgusa zaidi mkulima wa Kibondo. Kampuni ya ACRE Africa pamoja na Etherisc zilijaribu bima ya mazao iliyoandikwa kama mkataba mahiri, na mwaka 2021 iliwafikia wakulima wapatao 17,000. Taarifa za setilaiti na mvua huingizwa kwenye mkataba, na ukame ukizidi kipimo kilichowekwa, fidia hutumwa kwa M-Pesa bila mkaguzi kufika shambani. Hilo ni jambo jema kabisa kwa mtu ambaye fidia ya kawaida ingemfikia msimu mwingine. Hata hivyo kipimo kiliwekwa na mtu. Setilaiti huona eneo, haioni konde lako moja lililo upande wa kilima usiopata mvua. Mkulima wa mahindi na maharage wa Kibondo akiwekewa bima hiyo kesho, aulize kwanza nani amechagua kipimo na nani atasikiliza pingamizi lake.

Na kuhusu kuunganisha minyororo, njia iliyozoeleka huitwa daraja. Unafungia sarafu yako kwenye mkataba wa mnyororo wa kwanza, na mkataba wa mnyororo wa pili unatoa hati ya kuiwakilisha. Daraja linahitaji mashahidi wa kuuambia upande wa pili kwamba kweli sarafu imefungwa, na hao ndio udhaifu wake. Daraja la Ronin lilikuwa na mashahidi tisa, na watano walitosha kuidhinisha. Machi 2022 wezi walipata funguo tano wakaondoka na mali ya zaidi ya dola milioni 600.

Wakati hayo yakitokea, Tanzania ilikuwa inatafuta msimamo wake. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu za kidijitali hazikubaliki kisheria. Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Tarehe 13 Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa teknolojia hii. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Hatua hizo zilitungwa kwa kumfikiria raia mwenye kitambulisho cha taifa na akaunti. Nyarugusu na Nduta zilikuwa zimejaa watu wasio na kitambulisho hicho.

Kambini maisha yaliendelea kubana. Mtendeli ilifungwa Desemba 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Mwaka 2023, michango ya wafadhili ilipopungua, mgao wa chakula ulipunguzwa mara mbili, na kufikia Juni ukawa nusu ya kiwango. Building Blocks nayo imefika Bangladesh, Lebanoni na Ukraini, na mashirika mengine yameanza kuendesha nodi ndani yake, UN Women likiwa la kwanza. Hatua hiyo ya nodi ndiyo ninayoiona kuwa na maana kuliko zote. Daftari linaloshikwa na shirika moja ni hifadhidata ya kawaida iliyovaa nguo mpya. Likishikwa na mashirika mawili au kumi, hakuna mmoja anayeweza kulibadilisha kimyakimya. Lakini katika orodha ya wanaoshika nodi sijaona popote kamati ya wakimbizi, wala halmashauri ya wilaya inayowapokea.

Siku moja mfumo wa aina hii utaletwa Kasulu na Kibondo, kwa chakula, kwa bima, kwa kahawa ya Buhigwe au kwa hati za ardhi za vijiji. Hatari ni kwamba mjadala utakuwa wa kasi na ada, na jina la jukwaa litatajwa kana kwamba ndilo jibu. Tusikubali. Atakayeuleta aitwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji Makere na kwenye kamati za kambi, aulizwe nani anashika funguo, taarifa zinaingizwa na nani, agizo la kusitisha linaweza kutoka wapi, na aliyesitishiwa ana siku ngapi na ofisi gani ya kukata rufaa. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na Kirundi, yabandikwe ubaoni kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa. Na serikali, ambayo neno lake ndilo la mwisho katika nchi hii, iweke sahihi yake kwenye karatasi hiyohiyo.